NAD ni nini, na je, inaweza kurudisha nguvu za ujana?

Ukishapita miaka hamsini, mwili huanza kudai. Ngazi ulizokuwa ukizipanda bila kufikiri sasa zinakutaka upumzike katikati. Kazi ya shamba, au ya kusimama dukani kutwa, inakuacha hoi, na usingizi wa usiku mmoja hauumalizi uchovu. Hapo ndipo wengi hukutana na tangazo la vidonge au dripu ya kitu kiitwacho NAD, kinachosemekana kuzipa seli nguvu upya na kuchelewesha uzee. Bei yake si ndogo, na mara nyingi anayelipa ni mtoto anayemtakia mema mzazi wake.

NAD yenyewe si uzushi. Ni kitu halisi, kimo katika kila seli ya mwili wako, na bila hicho usingeishi. Ndiyo maana matangazo yake huaminika kwa urahisi. Makala haya yanakueleza NAD hufanya kazi gani, uhusiano wake na uzee ni upi, mwili huipata wapi, na ni nini hasa kimethibitishwa kuhusu vidonge na dripu. Ukishajua hayo, utaweza kuamua fedha zako ziende wapi.

NAD ni nini?

Mwili umejengwa kwa seli, chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Ndani ya kila seli kuna kazi nyingi zinazoendelea usiku na mchana, na kila kazi ina kimeng'enya chake kinachoiharakisha. Baadhi ya vimeng'enya haviwezi kazi vikiwa peke yake. Vinahitaji msaidizi, na msaidizi huyo huitwa koenzaimu. NAD ni mmoja wa wasaidizi hao. Jina lake refu ni nikotinamidi adenini dinukleotidi.

Ilianza kujulikana mwaka 1906 mjini London. Wanasayansi wawili, Arthur Harden na William John Young, walikuwa wakichunguza jinsi hamira inavyochachusha sukari. Waliitenga juisi ya hamira katika sehemu mbili, wakakuta kwamba kila sehemu ikiwa peke yake haichachushi kitu, lakini zikichanganywa tena kazi inaendelea. Sehemu moja iliharibika kwa moto. Ya pili ilistahimili hata ilipochemshwa. Katika hiyo ya pili ndimo NAD ilimokuwa. Harden alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1929 pamoja na Hans von Euler-Chelpin, aliyeendeleza utafiti huo.

Usishtuke kuona jina linafanana na nikotini ya sigara. Kuvuta sigara hakukupatii NAD. Jina limetokana na historia tu: asidi ya nikotini, ambayo leo tunaiita niasini au vitamini B3, ilitengenezwa kwanza maabara kutokana na nikotini.

Kazi zake mbili

*Kazi ya kwanza ni kubeba.* Fikiria toroli sokoni. Chakula ulichokula kinapovunjwa ndani ya seli, hutoa elektroni zenye nishati. NAD huzipakia na kuzipeleka kwenye mitokondria, sehemu ya seli inayozalisha nguvu. Ikishashusha mzigo, hurudi tupu kuchukua mwingine. Toroli ni lile lile, safari ni nyingi. Kwa njia hiyo wali, ugali au kipande cha samaki hugeuka kuwa nguvu ya kutembea, kufikiri na kuusukuma moyo. NAD yenyewe si chakula na haina nguvu ya kukupa. Inachofanya ni kubeba nguvu iliyotoka kwenye chakula.

*Kazi ya pili ni matengenezo.* Vinasaba vyetu, yaani DNA, huharibika kidogo kidogo kila siku kwa sababu ya jua, moshi, magonjwa, na hata kazi za kawaida za mwili. Kuna vimeng'enya vinavyoziba nyufa hizo, na vingine, viitwavyo sirtuini, vinavyosaidia kuratibu jinsi seli inavyotumia chakula na kustahimili shida. Vimeng'enya hivi havitumii NAD kama toroli. Huikata vipande. Baada ya hapo mwili hulazimika kuokota vipande na kuunda NAD mpya.

Tofauti ya kazi hizi mbili ndiyo inayoeleza mengi kuhusu uzee. Katika kubeba, NAD haiishi. Katika matengenezo, inaliwa.

Kwa nini hupungua umri unapokwenda?

Utafiti kwa panya umeonyesha kwamba NAD hupungua katika viungo vingi wanapozeeka. Kwa binadamu pia upungufu umeonekana katika baadhi ya sehemu, zikiwemo ngozi na ubongo, ingawa kiasi chake hutofautiana kati ya kiungo na kiungo na kati ya mtu na mtu.

Sababu zinazojulikana ni kama hizi:

- Uharibifu wa DNA huongezeka kadiri miaka inavyopita, hivyo matengenezo hutumia NAD nyingi zaidi.
- Mwili wa mtu mzima huwa na uvimbe mdogo wa ndani unaodumu, usiouma wala kuonekana. Uvimbe huo huongeza kimeng'enya kiitwacho CD38, na kimeng'enya hicho ni mlaji mkubwa wa NAD.
- Uwezo wa misuli kuunda NAD upya kutokana na vipande hupungua, hasa kwa mtu asiyeushughulisha mwili.

Angalia vizuri: NAD kupungua uzeeni hakumaanishi kwamba uzee umeletwa na NAD. Mvi nazo huongezeka uzeeni, lakini kupaka nywele rangi hakumrudishi mtu ujanani. Kupungua kwa NAD ni sehemu moja ya mambo mengi yanayobadilika kwa wakati mmoja.

Malighafi ikikosekana kabisa: pelagra

Mwili huunda NAD kutokana na niasini, na pia kutokana na triptofani, sehemu mojawapo ya protini. Mtu akikosa vyote viwili kwa muda mrefu hupata ugonjwa unaoitwa pelagra. Ugonjwa huu umetufundisha juu ya NAD kuliko tangazo lolote.

Daktari Gaspar Casal aliueleza nchini Hispania mwaka 1735, miongoni mwa maskini waliokula mahindi zaidi ya kitu kingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulienea kusini mwa Marekani na kuua makumi ya maelfu ya watu. Wengi waliamini ni ugonjwa wa kuambukiza. Daktari Joseph Goldberger, aliyeanza kuuchunguza mwaka 1914, alionyesha kwamba tatizo lilikuwa chakula: watu walioishi kwa unga wa mahindi na vitoweo vichache mno. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem akabaini kwamba asidi ya nikotini huponya ugonjwa kama huo kwa mbwa, na muda si mrefu wagonjwa nao wakaanza kupona.

Kwa nini mahindi? Yana niasini, lakini sehemu kubwa imefungwa kiasi kwamba tumbo haliwezi kuifungua, na triptofani yake ni kidogo. Wenyeji wa Meksiko, ambako mahindi yalianza kulimwa, waliyachemsha kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na hiyo huifungua niasini. Mahindi yaliposafiri kwenda mabara mengine, maarifa hayo yalibaki nyuma.

Pelagra haikuishia kwenye vitabu vya historia. Mwaka 1990 zaidi ya wakimbizi 17,000 wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra ndani ya miezi michache. Walikuwa wakitegemea mgao wa mahindi, na karanga, zilizokuwa chanzo chao kikuu cha niasini, zilikuwa zimekatika.

Dalili za kuangalia ni hizi:

- Ngozi kuwa nyeusi zaidi, ngumu na yenye magamba sehemu zinazopigwa na jua, pande zote mbili kwa ulinganifu: mikono yote, miguu yote, na mara nyingine mviringo shingoni kama mkufu.
- Kuharisha, na mdomo au ulimi kuwa mwekundu na kuuma.
- Kukosa usingizi, huzuni, kusahau na kuchanganyikiwa.

Isipotibiwa, pelagra huua. Ikitambuliwa, dawa yake ni nikotinamidi, mojawapo ya aina za vitamini B3. Si dawa ya gharama kubwa, na mgonjwa huanza kupata nafuu ndani ya siku chache. Inasikitisha pale mzee anayeishi peke yake, asiye na meno, anayekunywa uji asubuhi na jioni, anapoanza kuchanganyikiwa na watu wakasema ni uzee tu, au wakamtafutia mchawi.

Wengine walio katika hatari ni wanywaji wa pombe kupita kiasi, watu wenye magonjwa ya utumbo yanayozuia chakula kufyonzwa, na baadhi ya wanaotumia isoniazidi, dawa ya kutibu na kukinga kifua kikuu. Ikiwa unatumia isoniazidi na ngozi yako inabadilika namna iliyoelezwa hapo juu, usiache dawa mwenyewe. Rudi kituo cha afya mapema uwaonyeshe.

Mwili huipata wapi?

Mwanamume mzima anahitaji takribani miligramu 16 za niasini kwa siku, na mwanamke takribani 14. Mwili unaweza pia kutengeneza miligramu moja ya niasini kutokana na kila miligramu 60 hivi za triptofani. Kwa mtu anayekula mlo mchanganyiko, kiasi hicho si kigumu kukifikia:

- Samaki, kuanzia jodari hadi dagaa.
- Kuku, nyama na maini. Kipande cha kuku cha ukubwa wa kiganja kinaweza kukupa zaidi ya nusu ya mahitaji ya siku.
- Karanga. Konzi moja ina miligramu 4 hivi. Chagua zisizo na ukungu, kwa sababu zilizoota ukungu huweza kuwa na sumukuvu.
- Maharage, kunde na uyoga.
- Maziwa na mayai. Niasini yake ni kidogo, lakini yana triptofani.

Dona ni bora kuliko sembe kwa virutubishi vingi, lakini hata dona haitoshi ikiwa sahanini peke yake, kwa sababu niasini ya mahindi imefungwa. Kinachomlinda mlaji wa ugali ni kile kilicho kando ya ugali. Kwa mzee asiyeweza kutafuna, karanga zilizotwangwa ndani ya mchicha au kisamvu, dagaa waliosagwa, yai ndani ya uji, au maharage yaliyopondwa hufanya kazi ile ile.

Vidonge na dripu: nini kimethibitishwa?

Vidonge vingi vinavyouzwa kwa jina la NAD huwa na malighafi yake, hasa NMN au NR, ambazo ni za ukoo mmoja na vitamini B3. Matumaini makubwa yalianzia kwa panya. Mwaka 2013 watafiti wa Harvard walieleza kwamba panya wazee wa miezi 22 waliopewa NMN kwa wiki moja walionyesha dalili za mitokondria za misuli zinazofanana na za panya vijana. Habari hiyo ilizunguka dunia. Kilichosemwa kwa sauti ndogo ni kwamba nguvu ya misuli ya panya hao haikuongezeka.

Kwa binadamu, jambo moja liko wazi: NR na NMN zikimezwa huongeza NAD katika damu. Lakini kuongezeka kwa namba kwenye damu na mtu kupata nguvu ni mambo mawili. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, walichapisha matokeo ya wanawake 25 waliokoma hedhi, wenye uzito mkubwa na walio karibu kupata kisukari. Waliopewa NMN miligramu 250 kwa siku kwa wiki 10, misuli yao iliitikia insulini vizuri zaidi. Ni habari njema. Hata hivyo uzito na shinikizo la damu havikubadilika, na watu 25 ni wachache.

Hakuna utafiti ulioonyesha kwamba vidonge hivi humwongezea binadamu miaka ya kuishi au kumrudisha ujanani.

Dripu ina ushahidi mdogo zaidi ya huo. NAD ni molekuli kubwa, na sehemu yake kubwa huvunjwa kwanza kabla seli hazijaweza kuitumia. Ikiingizwa haraka, watu wengi hupata kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kifua kubana. Na sindano yoyote ya mshipani isiyofanywa kwa usafi na mtu asiye na sifa ni njia ya maambukizi.

Kabla ya kununua, kumbuka pia haya:

- Niasini ya dozi kubwa huweza kufanya uso kuwaka na kuwasha, na ikizidi sana huumiza ini na kupandisha sukari ya damu. Asili ya kitu kuwa vitamini haiondoi madhara yake.
- Seli za saratani nazo zinahitaji NAD ili zikue. Mtu mwenye saratani, au aliyewahi kuugua, asitumie vidonge hivi bila kumwuliza daktari wake.
- Mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye ugonjwa wa ini au kisukari nao waulize kwanza.
- Usiache dawa ya presha, sukari au virusi vya Ukimwi kwa sababu umeambiwa kidonge hiki kinatosha.

Uchovu si lazima uwe uzee

Hasara kubwa ya tangazo la ujana si fedha peke yake. Ni miezi inayopotea. Mtu anayechoka kuliko kawaida huenda ana ugonjwa unaotibika, na kila mwezi anaoutumia kusubiri kidonge kifanye kazi ni mwezi ugonjwa unaoendelea.

Yafuatayo husababisha uchovu mara nyingi, na mengi yanaweza kupimwa kwenye kituo cha afya au hospitali ya wilaya:

- Upungufu wa damu.
- Kisukari.
- Shinikizo la juu la damu na ugonjwa wa moyo.
- Ugonjwa wa figo, ini, au tezi ya shingo iitwayo thairoidi.
- Kifua kikuu, VVU na malaria.
- Upungufu wa vitamini B12, ambao huwapata baadhi ya wazee na baadhi ya wanaotumia metiformini kwa miaka mingi.
- Sonona, ambayo kwa wazee mara nyingi hujitokeza kama uchovu na kukosa hamu ya kula kabla ya huzuni kuonekana.

Usikawie kwenda hospitali ikiwa uchovu umekuja na kupungua uzito bila sababu, kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, kubanwa pumzi, miguu kuvimba, kinyesi cheusi au chenye damu, au kuchanganyikiwa ghafla. Maumivu ya kifua yasisubiri hata siku moja.

Unachoweza kufanya kuanzia leo

*Tembea na ufanye kazi ya nguvu kidogo.* Mazoezi huongeza kimeng'enya kinachoiunda NAD upya ndani ya misuli, hata kwa watu wazima. Ikiwa hujazoea, anza kwa dakika 10 za kutembea kwa mwendo wa haraka, kisha ongeza taratibu. Kuinuka kitini bila kujishika, mara kadhaa kwa siku, ni zoezi zuri kwa mzee.

*Punguza pombe au uiache.* Ini linapovunja pombe hutumia NAD kubeba mzigo huo, na kwa muda huo matoroli hayapatikani kwa kazi nyingine. Mnywaji wa kila siku pia mara nyingi hali vizuri.

*Acha sigara, na jikinge na jua kali.* Vyote viwili huongeza uharibifu wa DNA, na uharibifu ukiongezeka, matengenezo hula NAD nyingi.

*Lala vya kutosha, kwa saa zinazofanana kila siku.* Uundaji wa NAD hufuata saa ya mwili, nayo huvurugwa na usiku wa kukesha.

*Weka kitoweo chenye protini kwenye kila mlo mkuu.* Si lazima kiwe nyama.

Na ikiwa umeweka akiba ya kumnunulia mzazi dripu au chupa ya vidonge, fikiria kuigawa hivi: nauli na gharama za kumpima damu, sukari na presha, miwani au meno ya bandia kama yanamzuia kula, na bajeti ya kila wiki ya dagaa, mayai, karanga na maharage. Kisha mfuate umtembeze jioni. Kama vipimo vikionyesha tatizo, litatibiwa. Visipoonyesha, mtakuwa mmeilinda NAD yake kwa njia zilizothibitishwa, na mmepata nafasi ya kuzungumza njiani.